Baba Aliye Mbali na Watoto Wake, na Haki Yake kwa Ndugu Zake

(Somo kwa ndugu wapya na kwa wanaochunguza)

Katika majonzi yanayompata mwanadamu, yako yanayoonekana na yako yaliyofichika. Mtu akifiwa, majirani hukusanyika, chakula huletwa, na jamaa hulala msibani ili mfiwa asibaki peke yake. Lakini baba ambaye mtoto wake yu hai naye hawezi kumwona, hakuna anayemwekea matanga. Hupita njiani akasalimiwa kama watu wote, akajibu kuwa hajambo, na jioni hurudi kwenye nyumba isiyo na sauti ya mtoto. Juu ya majonzi hayo kuna aibu pia, maana mwanamume hufunzwa tangu utotoni kwamba kulia ni kazi ya wanawake.

Hapa Chamwino akina baba wa namna hiyo si wachache. Nchi hii ya Ugogo hupata mvua msimu mmoja tu kwa mwaka, yapata kuanzia Desemba hadi Aprili, nayo mara nyingi haitoshi. Uwele na mtama vikikauka shambani, wanaume huenda kutafuta kazi Dodoma mjini, Morogoro na Dar es Salaam, na wafugaji huhama na ng'ombe wao kufuata malisho. Wengine wametengwa na watoto wao kwa sababu ya talaka: mke amerudi kwao Mpwayungu au Itiso, watoto wamekwenda naye, na baba amebaki Buigiri. Tena wako waliopatwa na jambo hili kwa ajili ya imani. Mtu amemkubali Masihi Aliyeahidiwa a.s., wakwe wakakasirika, wakamchukua binti yao pamoja na wajukuu, wakamwambia kwamba hatawaona mpaka aiache Jumuiya.

Basi katika somo hili tutatazama mambo matatu: Mwenyezi Mungu amemfundisha nini baba aliye katika hali hii, mtoto ana haki gani, na ndugu zake baba huyo katika imani wana wajibu gani kwake. Jambo hili la tatu ndilo tutakalolikazia zaidi, kwa kuwa ndilo linalosahauliwa.

1. MAJONZI YA BABA SI UDHAIFU WA IMANI

Ndugu msomaji, Qurani Tukufu imetupa habari za baba mmoja aliyetengwa na mwanawe kwa miaka mingi, naye alikuwa Nabii wa Mungu. Huyo ni Hadhrat Yakubu a.s. Alipompoteza Yusufu, alihuzunika hata macho yake yakaathirika kwa majonzi aliyoyazuia moyoni (12:85). Kama kumlilia mtoto kungekuwa ni upungufu wa imani, Mwenyezi Mungu asingalimsifu mja wake huyo.

Lakini tazama vizuri waliokuwa wamemzunguka. Wanawe wengine walimlaumu wakasema kwamba hataacha kumkumbuka Yusufu mpaka augue au aangamie (12:86). Walikuwa naye nyumba moja, wakila naye chakula kimoja, lakini hawakuwa wenzake katika huzuni yake. Naye aliwajibu kwamba masikitiko yake anayapeleka kwa Mwenyezi Mungu. Kisha, baada ya kusema hivyo, hakukaa kitako. Aliwatuma waende wakamtafute Yusufu na ndugu yake, na akawakataza kukata tamaa na rehema ya Mungu (12:88).

Humu mna mafunzo mawili. La kwanza ni kwamba baba anaruhusiwa kuhuzunika, lakini huzuni yake iende kwenye dua na kwenye juhudi. Ikienda kwenye pombe au kwenye kisasi imepotea njia. La pili ni kwamba anayemwambia baba aliyetengwa na mwanawe, "Sahau, utazaa wengine," anasema maneno ya wale nduguze Yusufu.

2. SHAURI LA HADHRAT UMAR R.A.

Baadhi ya watu hudhani kwamba katika Islam mtoto ni mali ya baba, na kwamba baba ana ruhusa ya kumnyakua popote amkutapo. Kwa mila ya Kigogo pia, ng'ombe wa mahari waliopelekwa kwa ukoo wa mke ndio humfanya mtoto kuwa wa ukoo wa mume. Kwa hiyo baba akimwona mwanawe akikulia kwa wajomba, huona kama nyumba yake inabomolewa. Hebu tulitazame jambo hili katika maisha ya Masahaba.

Hadhrat Umar r.a. alikuwa na mke katika Ansari wa Madina, akazaa naye mtoto aliyeitwa Asim. Baadaye waliachana. Siku moja Hadhrat Umar alikwenda Quba, akamkuta Asim akicheza katika uwanja wa msikiti. Moyo wa baba ulimshinda. Alimshika mkono, akampakia mbele yake juu ya mnyama wake ili aende naye. Bibi wa mtoto, mzaa mama, alimfuata, wakagombana, na shauri likafika kwa Hadhrat Abubakar r.a. Umar akasema ni mwanangu. Yule bibi naye akasema ni mwanangu. Hadhrat Abubakar akamwamuru Umar amwache mtoto kwao. Imam Malik, aliyeisimulia habari hii katika Muwatta, anaeleza kwamba Umar hakurudisha neno.

Ndugu zangu, fikirini ni nani huyu aliyenyamaza. Ni Umar, ambaye Maquraishi walimwogopa, na ambaye baadaye alikuwa Khalifa wa pili. Alimpenda mwanawe, alikuwa na nguvu za kumchukua, na mtoto alikwisha kuwa mikononi mwake. Lakini alipoambiwa haki iko wapi, alimwachia. Kunyamaza kule hakukuwa kushindwa, bali kulikuwa utii.

Je, alimpoteza mwanawe? La hasha! Mtoto yule alijulikana maisha yake yote kwa jina la Asim bin Umar. Binti yake Asim ndiye aliyemzaa Umar bin Abdul Aziz, mtawala ambaye Waislamu humtaja mpaka leo kwa uadilifu wake. Nasaba haikatiki kwa mtoto kulelewa upande wa mama, maana Qurani Tukufu imeamuru watoto waitwe kwa majina ya baba zao (33:6). Malezi yanaweza kuhama nyumba, lakini ubaba hauhami.

Vilevile imepokewa kwamba mwanamke mmoja alimlalamikia Mtume Mtukufu s.a.w. kuwa mume aliyemwacha anataka kumnyang'anya mtoto, na Mtume s.a.w. akampa mama haki ya kwanza maadamu hajaolewa tena. Na katika shauri jingine, la mtoto aliyekwisha kupata akili, Mtume s.a.w. alimpa mtoto mwenyewe hiari achague mzazi wa kumfuata, naye akamshika mama yake mkono. Katika mashauri haya yote hatuoni mahali ambapo mtoto amefanywa ngawira ya vita kati ya wazazi.

3. HAKI YA MTOTO HAIKATWI NA TALAKA

Qurani Tukufu imelieleza jambo hili kwa uadilifu unaostaajabisha. Inasema mama asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake, wala baba asitiwe taabuni kwa sababu ya mtoto wake. Na hapo hapo inamwekea baba wajibu wa chakula na mavazi kwa kadiri ya uwezo wake (2:234). Mahali pengine inawaamuru wazazi walioachana washauriane kwa wema juu ya mtoto (65:7). Basi mama anayemficha mtoto ili amwumize baba anavunja amri ya Mungu. Na baba anayezuia chakula ili amwumize mama anaivunja amri ile ile.

Jambo hili lieleweke sana: matumizi ya mtoto si nauli ya kwenda kumwona. Wako wanaosema, "Wasiponionyesha mwanangu, sitoi kitu." Lakini mtoto hakuwafukuza, wala hakuandika talaka. Tumbo lake linauma njaa kama zamani. Atoe baba huyo, hata kama hajaonyeshwa mtoto, na atoe mbele ya shahidi au kwa njia ya simu inayoacha kumbukumbu, ili kesho pasiwe na ubishi.

Sheria ya nchi yetu nayo imekaribiana na mafundisho haya. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 inaitaka mahakama itazame kwanza manufaa ya mtoto. Inachukulia kuwa mtoto wa chini ya miaka 7 ni vema akae na mama yake, ingawa ushahidi unaweza kuonyesha vinginevyo, na inamwekea baba wajibu wa matunzo hata kama mtoto anakaa kwa mwingine. Sheria hiyo hiyo inataka, kwa kawaida, ugomvi wa ndoa upelekwe kwanza kwenye baraza la usuluhishi kabla ya kuombwa talaka mahakamani, jambo linalotukumbusha amri ya Qurani ya kuweka mwamuzi mmoja wa upande wa mume na mmoja wa upande wa mke (4:36). Nayo Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 inampa mtoto wa wazazi waliotengana haki ya kumtembelea na kukaa na yule mzazi mwingine, mradi masomo yake yasivurugike. Na mzazi aliyezuiwa anaweza kuomba mahakamani apewe nafasi ya kumwona mwanawe. Kwa hiyo baba asidhani kwamba mbele yake kuna njia mbili tu, kunyakua au kusahau. Iko njia ya tatu, nayo ni ya haki.

4. MFANO WA ALIYE MBALI KWA SAFARI

Ama yule ambaye hakuachana na mkewe bali riziki imempeleka mbali, na amtazame Hadhrat Ibrahim a.s. Kwa amri ya Mungu alimweka Ismaili na mama yake katika bonde lisilo na mimea (14:38). Lakini hakuwatupa. Katika Sahihi Bukhari imesimuliwa kwamba Ismaili alipokwisha kuoa, baba yake alikuja kumtazama mara mbili asimkute, kwa kuwa alikuwa amekwenda kuwinda. Aliuliza hali yao ya maisha, akaacha salamu na ujumbe, akarudi safari ndefu bila kumwona. Alikuja tena. Safari hiyo alimkuta chini ya mti karibu na Zamzam akitengeneza mishale yake, wakasalimiana kama wafanyavyo baba na mwana. Na wawili hao ndio walioinua kuta za Al-Kaaba.

Angalieni basi: safari mbili zilionekana kuwa bure, lakini zilikuwa sehemu ya msingi wa Nyumba ya Mungu. Tangu mwaka 2024 treni mpya ya umeme imefupisha safari ya Dar es Salaam na Dodoma ikawa ya saa chache, na simu hufikisha sauti kwa dakika moja. Hata hivyo wako akina baba ambao mwaka hupita hawajauliza mtoto yuko darasa la ngapi. Umbali wa namna hiyo hauondolewi na reli.

5. WAJIBU WA NDUGU

Sasa tufike kwenye kiini cha somo. Mtume Mtukufu s.a.w. alipofika Madina aliwaunga watu wawili wawili wawe ndugu. Miongoni mwao walikuwa Hadhrat Salman na Hadhrat Abu Dardaa r.a. Salman mwenyewe aliachana na baba yake huko Uajemi kwa ajili ya kuitafuta dini ya kweli. Aliyajua machungu ya mtu kuwa mbali na damu yake. Siku moja alimtembelea Abu Dardaa, akamkuta mkewe amevaa mavazi yaliyochakaa, akaambiwa kuwa nduguye hashughuliki tena na mambo ya dunia. Salman hakupita kimya. Alilala pale, akamzuia Abu Dardaa asizidishe saumu na sala za usiku kupita kiasi, na mwishoni mwa usiku wakasali pamoja. Kisha akamkumbusha kwamba Mola wake ana haki kwake, nafsi yake ina haki, na watu wa nyumbani mwake wana haki. Habari ilipomfikia Mtume s.a.w., alisema kuwa Salman amesema kweli.

Huyo ndiye ndugu. Aliingia nyumbani, akala naye, akaamka naye usiku, na baada ya kushiriki naye maisha ndipo akamwambia ukweli. Mtume s.a.w. ametuamuru pia tumsaidie ndugu yetu, awe ameonewa au awe yeye ndiye mwonevu, na akaeleza kwamba kumsaidia mwonevu ni kumzuia asidhulumu. Basi baba aliyetengwa na watoto wake ana haki mbili kwa ndugu zake: wamfariji kama ameonewa, na wamshike mkono kama ameonea. Mara nyingi mtu mmoja huhitaji yote mawili kwa siku moja.

Katika Jumuiya yetu mahali pa kufanyia kazi hii pamekwisha kuwapo. Wazee wana Majlis Ansarullah na vijana wana Majlis Khuddamul Ahmadiyya. Panapo akina baba wawili au watatu wenye msiba huu, na wafanye hivi:

(a) Wakutane kwa siku maalumu, hata kama ni mara moja kwa mwezi baada ya sala ya Magharibi. Mwenye uzoefu aunganishwe na aliye mgeni wa msiba.

(b) Yanayosemwa pale ni amana. Mwenye kuyapeleka kilabuni au kisimani amemsaliti nduguye.

(c) Mama wa mtoto asitukanwe. Masihi Aliyeahidiwa a.s., katika kitabu chake Kishti Nuh cha mwaka 1902, amesema wazi kwamba asiyemtendea mkewe na jamaa za mkewe kwa upole na hisani si mtu wa Jumuiya yake. Mkutano wa wanaume unaogeuka kuwa mahali pa kuwasengenya wanawake hauna baraka, na kila mtu huondoka pale na hasira zaidi ya alizokuja nazo.

(d) Kila mmoja aulizwe swali hili: mwezi huu mtoto wako amepata nini kutoka kwako? Swali hili huondoa maneno mengi.

(e) Wasaidiane wakati wa njaa. Asiye na kitu achangiwe debe la mtama au fedha ya daftari, zipelekwe kwa mtoto kwa jina la baba yake, ili mtoto ajue kwamba anaye baba.

(f) Asiende peke yake kwa wakwe, kwenye baraza la kata wala kwa afisa ustawi wa jamii. Afuatane na ndugu mtulivu. Mwenye uchungu hukosa maneno, na mtulivu humtafutia.

(g) Aliyewahi kumpiga mkewe au watoto asipewe maneno ya kumtetea. Atubu kwanza na tabia yake ionekane, na kumwona mtoto kupitie kwa ustawi wa jamii mpaka watoto wapate amani.

(h) Waombeane kwa majina. Masihi Aliyeahidiwa a.s. alieleza kwamba miongoni mwa dua zake za kila siku zilikuwamo dua kwa ajili ya watu wa nyumbani mwake, kwa ajili ya watoto wake, na kwa ajili ya marafiki zake kwa majina yao.

6. MASWALI MAWILI

Swali: Wakwe wamenizuilia watoto kwa sababu nimekuwa Mwahmadiyya. Je, niwaache watoto wangu wakulie katika itikadi nyingine?

Jibu: Dini haina kulazimisha (2:257), na kumnyakua mtoto kwa jina la dini kutawathibitishia wakwe kwamba dini hiyo ni mbaya. Kumbuka habari ya Hadhrat Asma r.a., binti Abubakar. Mama yake alikuwa amekwisha kuachwa na baba yake, tena alikuwa mshirikina. Alipomjia Madina, Asma alimwuliza Mtume s.a.w. kama amtendee wema, naye akamwamuru amtendee wema. Ikiwa Islam imeulinda uhusiano wa mtoto na mzazi wa dini nyingine, Mwislamu hawezi kuuvunja. Siku upatayo kumwona mwanao, usimfanye mpelelezi wa nyumba ya mama yake, wala usiitukane dini yao. Mpe upendo, msikilize, sali mbele yake. Mtoto husahau hoja, lakini tabia ya baba yake huikumbuka.

Swali: Nimejitahidi miaka mingi, na mwanangu sasa hataki hata kuniona. Nifanye nini?

Jibu: Usimlazimishe, wala usifunge mlango. Endelea kupeleka haki yake na salamu zako kama Hadhrat Ibrahim a.s., ambaye hakumkuta mwanawe lakini hakuacha kuja. Hadhrat Yakubu a.s. alingoja hata macho yakaathirika, lakini alikataza kukata tamaa. Na wewe usingoje peke yako. Mwambie ndugu yako, ili siku utakayochoka kuomba, yeye awe anaomba.

Ndugu msomaji, Mwenyezi Mungu ameapa kwamba mwanadamu yu katika hasara, ila wale walioamini wakatenda mema, na wakausiana haki na wakausiana subira (103:3-4). Hakusema awe na haki peke yake, wala asubiri peke yake, amesema wausiane. Kwa hiyo mtu asikae peke yake akijiita mwenye subira hali nduguye yu karibu. Nawe uliye na watoto wako wote mezani usiku wa leo, mtazame aliyesali bega kwa bega nawe Ijumaa iliyopita, umwulize habari za wanawe, na usikubali upesi akikujibu kuwa hajambo.

Ee Mola wetu, uliyemrudisha Yusufu kwa baba yake, wafanye watoto wetu, walio karibu na walio mbali, wawe burudisho la macho yetu. Waongoze baba zao katika haki, uwape mama zao amani, na utufanye sisi kuwa ndugu wa kweli. Amin.